Maikrosteti: Swali Lililoninyima Pointi Mbili

Nilikuwa fomu tatu. Tulikuwa tumeenda shule nyingine kwa mashindano ya maswali, tumefika raundi ya mwisho, tuko nyuma kwa pointi moja, na kitufe kiko mkononi mwangu. Mwalimu aliyekuwa anasoma maswali akauliza: "Maikrosteti ni nini?" Sikumpa hata nafasi ya kuvuta pumzi. Nikabonyeza. Nikasema ni nchi ndogo sana, kama Vatikani, Monaco ama San Marino. Nikaongeza na ukubwa wa Vatikani juu, ndiyo waone mimi si wa kuchezewa. Akilini nilikuwa nishaanza kupiga picha na kombe.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni jiografia. Hii ni raundi ya fizikia."

Wasee, ukumbi mzima ulicheka. Upande wa pili wakajibu kitu kuhusu mpangilio wa chembe ndogo ndani ya gesi, wakachukua pointi zao mbili, wakachukua na kombe. Kwa basi kurudi nyumbani hakuna aliyeniongelesha mpaka tukafika.

Nilibaki na hasira hiyo miaka, mpaka kasini yangu, ambaye anasoma fizikia chuoni, aliniambia: "Wewe hukukosea. Uliulizwa swali nusu." Ni kweli. Neno ni moja, lakini limeishi maisha mawili, moja kwa wanasiasa na lingine kwa wanafizikia. Na nilipoanza kufuatilia hayo maisha mawili, niliona kote kumekuwa na ugomvi uleule: kitu kidogo hivi, kihesabiwe ama kisihesabiwe?

Tuanze na neno lenyewe. "Maikro" ni ndogo, hiyo haina shida. Shida iko kwa "steti". Waingereza wanatumia neno hilohilo kwa nchi yenye serikali yake na kwa jinsi kitu kilivyo. Lilitoka Kilatini, kwa neno la kusimama: namna kitu kilivyosimama. Kiswahili kinakulazimisha uchague. Nchi yenye serikali ni dola. Jinsi kitu kilivyo ni hali. Kwa hivyo lile swali lingeulizwa kwa Kiswahili, ningeshinda, maana mwalimu angelazimika kusema anataka dola ndogo au hali ndogo. (Na hapa nikuongezee: dola na hali yote mawili yametoka Kiarabu, na mizizi yake yote miwili ina maana ya kugeuka na kubadilika. Mzungu anaona kitu kimesimama, sisi tumerithi neno linalosema kitu hichohicho kinageuka. Nimelifikiria hili sana kuliko inavyofaa.)

Sasa dola. San Marino ni mlima mmoja na vijiji vyake katikati ya Italia, kilomita 61 za mraba. Mbuga ya wanyama ya Nairobi, ile unayoiona ukipita Barabara ya Lang'ata, ni 117. Yaani San Marino ingeweza kuingia mle karibu mara mbili na simba wabaki na pa kulala. Wenyewe wanasimulia kwamba nchi yao ilianzishwa mwaka 301 na fundi wa mawe aliyeitwa Marinus. Hiyo ni hadithi ya kimapokeo, usiiwekee pesa. Lakini hii ina maandishi: tangu 1243 wanaongozwa na wakuu wawili kwa pamoja, na hao wawili hukaa ofisini miezi sita tu, halafu wanatoka. Miezi sita! Kwetu hiyo haitoshi hata kupanga sherehe ya kuapishwa.

Watu wanapenda kuuliza nchi kama hiyo iliwezaje kutomezwa. Jibu langu ni kwamba ilijua kukataa chakula. Mwaka 1797 Napoleon alikuwa anakata Italia vipandevipande kama keki, na akawatumia San Marino ujumbe kwamba yuko tayari kuwaongezea ardhi. Wakasema asante, hapana. Baadaye ramani ya Napoleon ikafutwa, na wengi waliopewa vipande wakanyang'anywa. San Marino hawakuwa na cha kunyang'anywa. Kisha wakati wa Vita vya Pili, 1944, nchi hiyo yenye watu wachache kabisa ilipokea wakimbizi kama laki moja kutoka Italia. Walilala hadi ndani ya mahandaki ya reli. Kila nikisoma kwamba nchi ndogo "haina mchango" huwa nakumbuka hayo mahandaki.

Lakini kuwepo ni jambo moja, kuhesabiwa ni jingine. Mwaka 1920, kabla ya Umoja wa Mataifa, kulikuwa na Shirikisho la Mataifa kule Geneva, na Liechtenstein wakaomba kujiunga. Liechtenstein ni bonde kati ya Uswisi na Austria, kilomita 160 za mraba. Walipigiwa kura: 28 wakakataa, mmoja akakubali. Huyo mmoja ni jirani yao Uswisi. Sababu zilizotolewa ni kwamba ni wadogo, wana watu wachache, kazi zao kadhaa za kiserikali wamewaachia wengine, na tena hawana jeshi. Jeshi walikuwa nalo, la watu kama 80, ila walilivunja mwaka 1868. Fikiria unanyimwa kiti katika chama cha amani kwa sababu huna bunduki.

Ule mjadala ulirudi miaka ya sitini, na safari hii ulikuwa unatuhusu sisi. Makoloni yalikuwa yanapata uhuru mmoja baada ya mwingine, na mengine yalikuwa visiwa vidogo. Maldivi waliingia Umoja wa Mataifa mwaka 1965 wakiwa na watu karibu laki moja. Mataifa makubwa yakaanza kunung'unika: hawa wote watakuwa na kura sawa na sisi? Mwaka 1967 Katibu Mkuu, U Thant, akaandika wazi kwamba suala la maikrosteti linahitaji kuangaliwa. 1969 Baraza la Usalama likaunda kamati ya wataalamu. Marekani wakapendekeza nchi ndogo ziwe wanachama wa pembeni: mnakaribishwa, mnaongea, lakini hampigi kura. Uingereza nao wakaleta pendekezo lao la kufanana na hilo. Kamati ikakaa, ikakaa, na haikufika popote, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema mstari uchorwe wapi. Ukisema watu laki tatu, Iceland anatoka, na Iceland alikuwa ndani tangu 1946. Ukiwaacha wa zamani na kuwazuia wapya, kila mtu anaona ni rangi gani za watu unazuia. Suala likafifia hivyohivyo, bila uamuzi. Ndiyo maana leo Nauru ana kura moja na India ana kura moja.

Nauru ni kisiwa kimoja Bahari ya Pasifiki, kilomita 21 za mraba. Chukua Msitu wa Karura mara mbili, umeipata nchi nzima, na watu wake ni kama elfu 12. Ardhi yake ilikuwa imejaa fosfeti, ile ya kutengeneza mbolea. Uchimbaji ulianza wakati wa utawala wa Wajerumani, halafu Australia, Uingereza na New Zealand wakaendelea miaka mingi na kulisha mashamba yao. Nauru wakapata uhuru 31 Januari 1968, wakachukua machimbo yao 1970, na ndani ya muda mfupi wakawa kati ya watu matajiri zaidi duniani ukigawa pesa kwa kichwa. Walijenga jumba la ghorofa 52 Melbourne. Walinunua ndege. 1993 waligharamia mchezo wa kuigiza wa muziki London kuhusu Leonardo da Vinci, ukafungwa haraka. Halafu fosfeti ikaisha, na katikati ya kisiwa pakabaki mawe matupu yaliyochongoka kama meno. 2005 ndege yao ya mwisho ikachukuliwa na wadai.

Wakabaki na nini? Kura. Waliingia Umoja wa Mataifa 1999, na tangu hapo sauti yao imekuwa mali kama fosfeti ilivyokuwa. Waliitambua Taiwan, 2002 wakahamia China, 2005 wakarudi Taiwan, Januari 2024 wakahamia China tena. Unaweza kuwacheka. Mimi nilicheka, halafu nikajiuliza: umechimbiwa ardhi yako miaka sitini na watu wengine, kimebaki kitu kimoja tu unachoweza kuuza, utafanyaje?

Na usidhani kura hizo hazitufikii. Juni 2020 Kenya ilikuwa inapigania kiti cha Baraza la Usalama dhidi ya Djibouti. Raundi ya kwanza tukapata 113, wao 78. Haikutosha, ilihitajika theluthi mbili. Kesho yake tukarudia: 129 kwa 62. Zilizohitajika zilikuwa 128. Kura moja tu ya ziada! Kura ile ni ya siri kwa hivyo hakuna anayeweza kukuambia nani alitupigia. Lakini katika ile hesabu, Nauru ya Karura mbili ilikuwa na uzito uleule wa Brazil.

Hapo ndipo kasini yangu aliponikatiza. "Sawa," akasema, "sasa umefika kwangu."

Tuingie matatu, ile ya abiria 14. Kondakta anagonga bati, gari imejaa, twende. Kwa dereva kuna habari moja tu: imejaa. Lakini ndani, nani ameketi wapi? Wewe dirishani, yule mama wa mboga nyuma, yule jamaa wa suti mbele. Mkibadilishana viti na jirani yako, gari bado "imejaa", lakini mpangilio ni mwingine. Mipangilio yote inayowezekana ya watu 14 kwa viti 14 ni 87,178,291,200. Bilioni themanini na saba, kwa gari moja ya kwenda Rongai. Kila mpangilio kamili, mtu kwa mtu, kiti kwa kiti, ndio maikrosteti ya mwanafizikia. Ile habari ya jumla ambayo dereva anaiona, "imejaa", ni hali kubwa inayoifunika yote hiyo.

Aliyetufundisha kuhesabu hivi alikuwa Ludwig Boltzmann, mtu wa Vienna, aliyezaliwa 1844. Yeye hakutumia neno letu, kwa Kijerumani chake aliita kila mpangilio "Komplexion". Mwaka 1877 alionyesha kwamba ukitaka kujua kwa nini chai inapoa na haijipashi moto yenyewe, ama kwa nini harufu ya chapati za jirani inasambaa ploti nzima na hairudi kwenye sufuria yake, hesabu mipangilio. Toa sarafu kumi za shilingi kumi, zile za simba. Zirushe. Kuna njia 1,024 zinazoweza kuanguka. Simba wote kumi kuonekana: njia moja tu. Simba watano na ngao tano: njia 252. Hakuna nguvu ya ajabu inayovuta sarafu ziwe nusu kwa nusu. Ni kwamba huko ndiko kuna njia nyingi zaidi. Sasa badala ya sarafu kumi weka chembe za hewa za chumba chako, na utaelewa kwa nini hujawahi kuamka ukakuta hewa yote imejikusanya kona moja na wewe unakabwa kitandani.

Lakini hesabu hii ina sharti moja, na hili ndilo lililonifanya nikae wima. Kwa chombo kilichofungwa, ambacho nishati haiingii wala haitoki, kila maikrosteti inapewa uzito sawa. Hakuna mpangilio mkubwa na mpangilio mdogo. Ule wa simba wote kumi, unaoonekana wa kifalme kabisa, ni mmoja. Na ule wa ovyoovyo, simba-ngao-ngao-simba, nao ni mmoja. Kila mpangilio kura moja, kama Baraza Kuu.

Na Boltzmann naye alipata wa kumkataa. Hesabu yake yote ilisimama juu ya atomu, na wakati huo hakuna aliyekuwa ameona atomu. Pale pale Vienna kulikuwa na Ernst Mach, msomi mkubwa, ambaye hakukubali kwamba sayansi ijengwe juu ya vitu visivyoonekana. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa Geneva 1920, ila umevaa koti la maabara: kidogo kiasi hiki, hatukihesabu. Mwaka 1905 Einstein akaandika hesabu ya vumbi linalotikisika ndani ya maji, na kuanzia 1908 Jean Perrin akaipima huko Ufaransa, na wengi wa waliobisha wakakubali. Boltzmann hakufika. Alijitoa uhai 5 Septemba 1906, huko Duino karibu na Trieste. Kuna wanaosimulia kama vile wapinzani ndio waliomuua. Mimi siamini ni rahisi hivyo. Alikuwa ameugua akili na mwili kwa miaka, na ugonjwa wa aina hiyo hauhitaji mpinzani. Kaburi lake liko Vienna, na juu yake wamechonga ile fomula: S = k log W. Hiyo W ndiyo idadi ya maikrosteti.

Kidogo kando: 5 Septemba hiyohiyo, mwaka 2000, Tuvalu iliingia Umoja wa Mataifa. Na 5 Septemba 2024 San Marino ilishinda mechi ya mashindano kwa mara ya kwanza katika historia yake, 1–0 dhidi ya Liechtenstein, baada ya miaka 20 bila kushinda mechi yoyote. Maikrosteti tatu, tarehe moja! Nilimtumia kasini nikiwa nimepagawa. Akajibu kwamba ukikusanya tarehe za kutosha lazima zingine zigongane, na Boltzmann angekuwa wa kwanza kukuambia hivyo.

Ndiye pia aliyenionyesha mahali ulinganisho wangu unavunjika. Chembe moja ya hewa ikihama, chumba hakijui. Maikrosteti za chumba ni nyingi kupita kiasi, moja haibadilishi lolote. Lakini nchi wanachama ni 193 tu. Kila moja ni moja, sawa na kwenye fizikia, ila kwa idadi ndogo namna hiyo, moja inasikika. Ule ubishi wa miaka ya sitini haukuwa kuhusu udogo wa Maldivi. Ulikuwa kuhusu uchache wa viti.

Na hiyo inanirudisha nyumbani, kwa kiti ambacho hakipo tena. Tarehe 16 Desemba 1963 Kenya ilikubaliwa Umoja wa Mataifa. Hiyo tunafundishwa. Kile sikufundishwa ni kwamba siku hiyohiyo, kabla yetu kidogo, walikubaliwa Zanzibar. Walikuwa wamepata uhuru 10 Desemba, sisi 12. Watu wao walikuwa kama laki tatu, idadi ambayo ile kamati ya 1969 ingeijadili bila kumaliza. Bibi yangu alikuwa msichana Mombasa wakati huo na anakumbuka bendera nyekundu ya Sultani juu ya Fort Jesus, kwa sababu ukanda wa Pwani kwenye karatasi ulikuwa wake mpaka makubaliano ya Oktoba mwaka huohuo. "Sisi tulikuwa upande gani hasa, hatukuulizwa," huwa anasema, halafu anaendelea kuchambua mchele.

Januari 12, 1964, siku 33 baada ya uhuru, yakaja Mapinduzi. Aprili 26 Zanzibar na Tanganyika zikaungana, na viti viwili vya Umoja wa Mataifa vikawa kimoja. Sisemi Muungano ulikuwa mbaya, hiyo ni hesabu ya Watanzania wenyewe na wana mengi ya kuweka upande wa faida. Nasema tu kwamba kura moja ilitoka kwenye orodha. Machi 2017 shirikisho la mpira la Afrika, CAF, liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Julai wakaitoa: nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. San Marino, mlima mmoja, wana timu yao ya taifa. Zanzibar yenye watu mara nyingi zaidi walikaa miezi minne.

Tuvalu sasa wanalijaribu jambo ambalo halijawahi kujaribiwa. Ni visiwa tisa, jumla kilomita 26 za mraba, na bahari inapanda. Wao ndio wenye herufi .tv mwishoni mwa anwani za intaneti, na pesa za kuzikodisha zilisaidia kulipia kiti chao kule New York. Mwaka 2023 walibadilisha katiba yao ikasema kwamba dola ya Tuvalu itaendelea kuwepo hata ardhi ikimezwa na maji. Dola bila udongo. Nilimuuliza kasini, je, hiyo bado ni dola, ama sasa ni hali?

Akanyamaza kidogo kwa simu. Halafu akasema hiyo si raundi yake, nibonyeze mimi.